Matope ya Mgongoni

Miaka kumi na tisa nafua jezi za Molino,
timu yetu ya kijani, ya watu wa kinu cha ngano,
na miaka kumi na tisa Saladero wanatufunga.
Si kwa mengi kila mara. Moja bila. Mbili kwa moja.
Sita, siku ile Eladio alipolia golini
akasingizia jua,
na mvua ilikuwa inanyesha.

Ukitaka sababu, nenda kinyozi kwa Gualberto.
Atakwambia ni uwanja wao, umeinama kuelekea mtoni,
mpira wenyewe unajua njia ya kwenda kwao.
Lakini wetu ni sawa kama meza,
na mezani hapo pia tunaliwa.
Muuza nyama anasema refa.
Marefa kumi na wanane, wote?
Padri hasemi kitu, anacheka puani;
mama yake alizaliwa Saladero.
Na wapo wanaoapa kwamba mwaka wa mafuriko
mtu alizika kwato ya farasi nyuma ya goli la kaskazini.
Wakachimba. Wakatoa chupa mbili na kiatu cha mtoto,
wakafukia.
Jumapili tukafungwa tatu.

Na hao Saladero nimewaona.
Winga wao ana kitambi.
Beki wao wa kati huvaa miwani,
filimbi ikikaribia humpa kipa amshikie.
Estación huwafunga Saladero,
sisi huwafunga Estación:
hesabu hiyo mpelekee mwalimu, atafuta ubao mpaka jioni.

Mimi sina elimu ya mpira.
Nina beseni, brashi, sabuni ya mche,
kamba ya nguo uani,
na baridi ya Juni inayoingia chini ya kucha.
Lakini nguo husema.
Tukicheza na Estación jezi huja na matope kifuani,
majani viwikoni: vijana wameanguka mbele,
wameufuata mpira kama deni.
Tukicheza na Saladero, matope yako mgongoni.
Kumi na moja, zote, mgongoni,
kama watu waliokuwa wakirudi nyuma
huku wakitazama kitu kinachowajia.
Na kola zimetafunwa.
Namba saba, ya mwanangu Wilmar, imetafunwa hadi uzi.

Nilidhani ni uchungu wa kufungwa.
Kisha ukaja mwaka wa mvua ya mawe.
Basi lilifika Saladero, vijana wakavaa,
wakakaa kwenye benchi saa nzima, refa akatoka, akatazama mbingu,
akawarudisha nyumbani.
Mpira haukuguswa.
Niliinua jezi moja moja kwenye mwanga wa jikoni.
Migongo safi, magoti safi.
Kola, zote kumi na moja, zimelowa mate,
zimetafunwa.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?
Mwaka huu, usiku wa Jumamosi, Wilmar amelala,
nikakata jani la mshubiri kwenye kopo la dirishani
nikapaka kola, moja baada ya nyingine,
kama nilivyojipaka ziwa
siku nilipomwachisha kunyonya.
Alinitazama vibaya siku ile. Alikuwa na miaka miwili.
Sasa ana thelathini na moja, goti la kulia bovu,
hana misimu mingi.

Tulifungwa moja bila, dakika ya themanini na nane,
na mwenye kitambi.
Kwa Gualberto wamesharudi kwenye mteremko,
ingawa safari hii tulicheza kwetu, mezani.
Wilmar alitupa mfuko mlangoni, akatema mate,
akauliza siku hizi natumia sabuni gani.

Nikafungua.
Matope mgongoni, ndiyo. Mazoea yana taabu.
Lakini namba saba, kifuani, chini kidogo ya moyo,
ilikuwa na mchirizi wa majani mabichi,
mrefu kama kiganja changu.

Zile nyingine nilifua Jumatatu.
Hiyo niliiacha kwenye kiti mpaka Jumatano.